Kujitolea nje ya nchi kama mchambuzi wa sheria za afya: kazi yenyewe ikoje

Mwanasheria aliyehitimu Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mwenye miaka miwili mitatu ya kazi hapa Dodoma, akikutana na tangazo la nafasi ya kujitolea nje ya nchi kusaidia mageuzi ya sheria za afya ya jamii, picha inayomjia haraka ni ya kuandika muswada. Picha hiyo inawaponza wengi. Miswada huandikwa na waandishi wa sheria wa serikali husika, na ni vigumu kukuta serikali inayomkabidhi mgeni wa miezi 6 kalamu hiyo. Mchambuzi anaitwa kwa kazi inayotangulia muswada: kueleza sheria iliyopo inasema nini, inampa nani mamlaka gani, na inakwama wapi inapofika kwa afisa afya. Kisha anapima dawa ya mkwamo huo. Je, inahitajika sheria mpya ya Bunge, au kanuni za Waziri, au waraka wa wizara, au ni kutekeleza tu kilichokwisha kuandikwa?

Mara nyingi sana jibu haliko kwenye sheria mpya. Sheria mama inasema "Waziri anaweza kutunga kanuni," miaka inapita, kanuni hazitungwi, na kila mtu analalamika kwamba sheria ni mbovu. Anayekwenda nje akiwa ameshajiaminisha kwamba dawa ni muswada ataupata tu ugonjwa wa kuhalalisha dawa yake. Ndiyo maana makala haya yanakaa zaidi kwenye uchambuzi kuliko kwenye taratibu za safari, ingawa na hizo tutazigusa.

Sheria za afya hazikai kwenye kitabu kimoja

Tuanze nyumbani. Tanzania Bara ina Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na mtu anaweza kudhani ameshamaliza. Lakini mambo ya UKIMWI yana sheria yake ya mwaka 2008. Tumbaku ina ya mwaka 2003. Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Dawa na vifaa tiba vina sheria yao, chakula kina watu wengine, mazingira yana sheria nyingine, na chini ya zote ziko sheria ndogo za halmashauri. Juu yake iko Katiba, ambayo Ibara ya 30 inaruhusu haki za mtu kuwekewa mipaka kwa ajili ya mambo kadhaa, afya ya jamii ikiwa mojawapo. Tena afya si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria yake ya afya ya jamii na mazingira ya mwaka 2012. Mgeni asiyeijua habari hiyo ataandika ripoti nzima kuhusu "sheria ya Tanzania" na nusu ya ripoti itakuwa haihusiki upande mmoja wa Muungano.

Kosa hilohilo Mtanzania atalifanya akifika Nigeria au Ethiopia, ambako mamlaka yamegawanywa kati ya serikali kuu na majimbo. Swali la kwanza kabisa la mchambuzi ni hili: nani katika nchi hii ana uwezo wa kutunga sheria juu ya jambo hili? Likijibiwa vibaya, kurasa 60 zinazofuata hazina kazi.

Swali la pili ni kama maandishi uliyoshika bado ni sheria. Hapa wanaanguka hata wazoefu. Anayesoma Sheria ya UKIMWI kama ilivyotoka mwaka 2008 ataandika kwamba kijana wa chini ya miaka 18 hawezi kupima VVU bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Mwaka 2019 Bunge lilishusha umri huo hadi miaka 15 na kuruhusu watu kujipima wenyewe, na lilifanya hivyo kupitia sheria ya marekebisho ya sheria mbalimbali, ile inayogusa sheria nyingi kwa pamoja na ambayo jina lake halitaji UKIMWI hata kidogo. Anayetafuta kwa jina la sheria hatayapata marekebisho hayo. Juu ya hayo kuna Toleo la Marekebisho la mwaka 2023, lililozinduliwa hapa Dodoma Aprili 2025 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Toleo jipya likitoka, namba za vifungu zinaweza kuhama. Kila nchi ina mitego ya namna hii. Kwa hiyo kila mstari wa uchambuzi uandikwe na toleo uliloliangalia pamoja na tarehe uliyoliangalia.

Sumukuvu na mahindi ya ghalani

Mfano mzuri wa kujifunzia uko hapahapa katikati ya nchi. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilikumbwa na mlipuko wa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu unaoota kwenye nafaka. Watu 68 waliugua na 20 walifariki. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye mahindi ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kila kilo, na kwa aina ya B1 peke yake ni mikrogramu 5. Mwananchi akisikia hivyo anauliza: kama kiwango kipo, sheria ilikuwa wapi?

Mchambuzi anaanza kwa kutenganisha mahindi mawili. Ya kwanza ni mahindi yaliyoletwa soko la Kibaigwa, yako kwenye magunia, yana muuzaji na mnunuzi. Hayo sheria za chakula zinayafikia: afisa anaweza kuchukua sampuli, kuzuia mzigo, kuagiza uteketezwe. Mahindi ya pili ni yale yaliyo kwenye kihenge cha familia Chemba au Kondoa, yamelimwa, yamevunwa na yataliwa na haohao. Hayajauzwa. Sheria za chakula katika nchi nyingi zimejengwa juu ya chakula cha kuuza, na walioumia mwaka 2016 walikuwa watu waliokula mahindi yao wenyewe. Ukiongeza faini ya muuzaji hadi mamilioni, kihenge cha Chemba hakitaguswa.

Hapo uchambuzi unageuka. Kinachohitaji msingi wa kisheria ni mambo mengine: nani anatangaza tahadhari, nani anaruhusiwa kuingia kwenye kaya kupima, mahindi yakionekana na sumu familia italipwa au kupewa chakula mbadala na nani, na fedha zinatoka fungu gani. Bila fidia, mkulima ataficha gunia, na hilo si la kumlaumu.

Kisha inakuja historia ya taasisi. Mwaka 2019 usimamizi wa chakula ulihamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, kwenda TBS, Shirika la Viwango, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Uhamisho wa aina hiyo, popote duniani, huacha maswali yanayotakiwa kufuatwa moja baada ya jingine. Kanuni zilizotungwa chini ya sheria ya zamani bado zinaishi? Afisa afya wa halmashauri aliyekuwa akikagua kwa niaba ya taasisi ya kwanza, leo anakagua kwa mamlaka ya nani? Akifika mahakamani akaulizwa hati yake ya uteuzi, ataonyesha ipi? Majibu yanatafutwa kwenye masharti ya mpito na kwenye Matangazo ya Serikali, yale tunayoyaita GN. Mchambuzi aliyezoea kufukua GN nyumbani atajua pa kuanzia hata kama nchi aliyokwenda inaziita jina jingine.

Kifungu kimoja kikisomwa polepole

Kazi ya kila siku ni kujaza jedwali kwenye kompyuta. Safu zake: kifungu, mamlaka au wajibu uliomo, nani anayo, sharti la kuanza kuyatumia, ukomo wa muda, haki ya kupinga, adhabu, kanuni zilizotungwa, na chanzo chenye tarehe. Inaonekana kazi ya karani. Tuone inavyotoa matunda.

Kifungu cha 27 cha sheria ya afya ya jamii ya Kenya, sheria ambayo asili yake ni mwaka 1921, kinahusu mtu aliyekuwa karibu na maambukizi ya ugonjwa unaotakiwa kutolewa taarifa, ambaye huenda ugonjwa uko katika kipindi cha kuatamia, na ambaye mahali anapoishi hapatoshi kuzuia usisambae. Afisa tabibu akitoa cheti, hakimu anaweza kuamuru apelekwe "mahali pa kutengwa", kwa gharama za serikali ya mtaa, akae huko mpaka afisa tabibu aone hana tena hatari au hakimu afute amri.

Jaza safu. Nani: afisa tabibu kwa cheti, hakimu kwa amri. Sharti: mtu aliyekaribia maambukizi, ugonjwa ukiwa bado haujajitokeza. Andika pembeni: kifungu hakisemi chochote kuhusu mgonjwa aliyeanza dawa akaziacha. Mahali: pa kutengwa, pasipofafanuliwa. Andika tena pembeni. Ukomo wa muda: hakuna. Haki ya kupinga: hakimu anaweza kufuta amri, lakini haielezwi mtu huyo ataombaje wala amri itapitiwa lini. Gharama: serikali ya mtaa. Adhabu: hakuna, maana huku si kumwadhibu mtu.

Safu hizo ndizo zilizolipuka. Mwaka 2010 wagonjwa wa kifua kikuu waliokatisha dawa walipelekwa gereza la Kapsabet kwa amri ya miezi 8 iliyotegemea kifungu hicho. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Kenya ikasema kwamba kifungu hicho hakiruhusu kumtenga mgonjwa gerezani na kwamba kufanya hivyo kulivunja Katiba, na ikaitaka Serikali iandae sera ya kuwatenga wagonjwa kwa namna inayoheshimu haki zao. Tazama kilichotakiwa baada ya hukumu: sera, waraka kwa maafisa, na mahali halisi penye kitanda na hewa. Neno la kisheria lilikuwa na tundu, na tundu likazibwa na jengo lililokuwa karibu zaidi, gereza. Mchambuzi anayejaza safu ya "mahali" kwa uaminifu angeliona tundu hilo miaka mingi kabla.

Kipimo cha kutumia kwenye vifungu vya kuzuia watu kinajulikana kama Kanuni za Siracusa, zilizoandaliwa na wanasheria wa kimataifa mwaka 1984. Kwa kifupi, zuio liwe limeandikwa kwenye sheria, liwe na lengo halali, liwe la lazima kweli, liwe linabana haki kidogo kuliko njia nyingine zote zinazoweza kufikia lengo hilohilo, lisiwe la ubaguzi wala la kiholela, na liwe na muda na nafasi ya kulipinga. Ukiviweka vifungu vya karantini vya zama za ukoloni kwenye kipimo hicho, vingi vinafaulu alama ya kwanza na ya pili, kisha vinaanguka kwenye muda na rufaa.

Na sheria za zama hizo bado ni nyingi katika nchi ambazo Mtanzania anaweza kutumwa. Ya Malawi ni ya mwaka 1948, ya Uganda ni ya mwaka 1935 ingawa imefanyiwa marekebisho karibuni, na Zimbabwe ilibadilisha ile ya mwaka 1924 mwaka 2018 tu. Kasoro zake zinafanana: faini zilizopangwa kwa fedha isiyo na thamani tena, na maafisa waliotajwa kwa vyeo ambavyo havipo tena.

Kanuni za Afya za Kimataifa: saa 48, saa 24, na tundu katikati

Nafasi nyingi za kujitolea siku hizi zinazunguka Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007 na kuzifunga nchi 196. Zinataka nchi iwe na uwezo wa kutathmini tukio la hatari ndani ya saa 48, na tathmini ikionyesha kuwa huenda ni dharura ya kimataifa, ilitaarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24. Kuna maswali manne. Je, athari kwa afya ni kubwa? Tukio si la kawaida au halikutarajiwa? Kuna hatari ya kuvuka mipaka? Kuna hatari ya safari au biashara kuwekewa vikwazo? Mawili yakijibiwa ndiyo, taarifa inatolewa. Magonjwa machache, kama polio ya virusi asilia na ndui, hayasubiri maswali.

Sasa shuka chini. Taarifa inaanzia zahanati, inapanda kwa mganga mkuu wa wilaya, mkoa, wizara, halafu kituo cha taifa cha mawasiliano. Uliza kila ngazi: sheria inasema lazima utoe taarifa, au inasema "unaweza kutoa"? Kwa muda gani? Sheria nyingi zimeandika "mara moja," na "mara moja" ya siku ya Ijumaa jioni huweza kuwa Jumatatu. Maabara binafsi imetajwa? Daktari wa mifugo aliyeona ng'ombe wanakufa amefungwa na wajibu wowote kwa upande wa afya? Hapa Kanda ya Kati, ambako mifugo na watu wanaishi pamoja, swali hilo si la nadharia.

Marekebisho ya Kanuni hizo yalipitishwa tarehe 1 Juni 2024 na kuanza kutumika tarehe 19 Septemba 2025. Yameleta ngazi mpya ya tahadhari, dharura ya janga la dunia, na yanataka kila nchi iteue mamlaka ya taifa ya kusimamia utekelezaji. Jambo linalochanganya watu ni namna yanavyofunga nchi. Kanuni hizi hazisubiri kuridhiwa: nchi isiyozitaka inapaswa kuzikataa ndani ya muda uliowekwa, vinginevyo zinaifunga. Mkataba wa Majanga ya Magonjwa uliopitishwa Mei 2025 uko tofauti kabisa. Huo unahitaji nchi 60 kuridhia ndipo uanze. Na hata mkataba ukiridhiwa, kila nchi ina njia yake ya kuuingiza nyumbani. Kwetu Bunge ndilo linaloridhia kwa Ibara ya 63, na wajibu wa raia mbele ya mahakama unategemea sheria ya ndani. Kenya, Ibara ya 2 ya Katiba yao inasema mkataba uliokwisha kuridhiwa ni sehemu ya sheria ya nchi. Usiandike sentensi moja kuhusu "nchi imeshindwa kutekeleza" kabla hujajua uko upande gani.

Mazoezi yaliyo karibu na Dodoma

Mtu anayeishi Dodoma amebahatika. Hatua zote za sheria, tangu wizarani Mtumba hadi bungeni, ziko ndani ya jiji moja. Muswada ukishachapishwa kwenye Gazeti la Serikali husomwa Mara ya Kwanza, kisha unakwenda kwa kamati ya kudumu, na kamati huita wadau kutoa maoni. Baadaye unasomwa Mara ya Pili, unaingia Kamati ya Bunge Zima kifungu kwa kifungu, unasomwa Mara ya Tatu, halafu Rais anaridhia.

Chukua muswada wowote wa afya uliopita, weka mezani vitu vinne: muswada kama ulivyochapishwa pamoja na madhumuni na sababu zake, jedwali la marekebisho, taarifa rasmi ya mjadala, na sheria iliyotoka. Fuatilia kifungu kimoja tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Utaona nani alikibadili na kwa hoja gani. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ni darasa zuri: ulifika bungeni mwaka 2022 na ukapita Novemba 2023, na mvutano mkubwa ulikuwa vyanzo vya fedha za kuwalipia wasio na uwezo. Ukitoka hapo utajua kwamba muswada wa afya usio na jibu la "nani analipa" hauna miguu, huko uendako kama hapa.

Andika zoezi hilo kurasa 5, lisahihishwe na mtu anayejua, uwe nalo. Ndiyo sampuli ya maandishi utakayoambatanisha kwenye maombi. Wanaoajiri wanasoma sampuli kuliko barua.

Nani hupeleka, na nani hawezi kukupeleka

Programu nyingi maarufu hazimhusu Mtanzania. Peace Corps ni ya raia wa Marekani. Australian Volunteers ni ya raia na wakazi wa kudumu wa Australia. Usipoteze jioni zako huko.

Zinazofunguka ni hizi. Wajitoleaji wa Umoja wa Mataifa, UNV, makao yake Bonn, Ujerumani, wana makundi kwa umri na uzoefu: vijana wa miaka 18 hadi 26, wataalamu wa miaka 27 na kuendelea wenye uzoefu usiopungua miaka 3, na wabobezi wa miaka 35 na kuendelea wenye uzoefu wa miaka 15. Nafasi ya kimataifa maana yake hutumwi nchini kwako. Hulipwi mshahara, unapewa posho ya kujikimu, nauli na bima. Wana pia kujitolea kwa mtandao, kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki, bila posho, na kwa mwanasheria wa Dodoma mwenye ajira hiyo ni njia nzuri ya kuanza: unachambua sheria za nchi nyingine ukiwa nyumbani kwako Nkuhungu, hapahapa Dodoma, na unapata barua ya kuthibitisha kazi. Umoja wa Afrika una kikosi chake cha vijana wa kujitolea, wasiozidi miaka 35, wanaotumwa miezi 12 katika nchi nyingine ya Afrika.

Kuna pia kampuni zinazomlipisha anayejitolea ili zimtafutie nafasi. Nyingine ni halali. Lakini piga hesabu ada inalipia nini: malazi, msimamizi, bima, au jina tu kwenye cheti? Na mtu yeyote anayekudai ada ya maombi au ya usaili kwa jina la Umoja wa Mataifa ni tapeli, kwa sababu Umoja wa Mataifa haudai ada katika hatua yoyote.

Kabla ya kusaini

Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi unayopewa, zisomwe kama mkataba wa kununua kiwanja. Msimamizi ni nani kwa cheo, na ni mwanasheria? Kazi inayotakiwa ni ipi, kwa idadi? "Kusaidia mageuzi ya sheria" haipimiki. "Jedwali la sheria 12 na waraka mmoja wa chaguzi za sera" inapimika. Umiliki wa maandishi ni wa nani? Bima inalipia kusafirishwa hadi hospitali ya nchi nyingine ukizidiwa? Ukikatisha, nauli ya kurudi ni ya nani?

Lipo suala la leseni. Uwakili wa Tanzania hauvuki mpaka pamoja nawe. Uchambuzi wako uandikwe kwa ajili ya kitengo cha sheria cha wizara mwenyeji, na ushauri wa kisheria ubaki kwao. Usimshauri mgonjwa aliyetengwa wala hospitali binafsi, hata wakikuomba kwa heshima. Mpeleke kwa wakili wa nchi hiyo. Kibali cha kuingia nacho kiwe cha kazi ya kujitolea, kwa jina lolote ambalo uhamiaji wao wanaliita. Viza ya utalii ikikutwa na mtu mwenye meza wizarani huleta aibu kwa wote wawili.

Vingine ni vya kawaida: vyeti na matokeo, cheti cha polisi cha tabia njema, kibali cha mwajiri na cha kusafiri kama wewe ni mtumishi wa umma, na kuhuisha cheti cha uwakili kinachokwisha kila mwaka. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe mapema, maana cheti kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya chanjo. Tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, na kanuni inayosema hivyo ni ya Kanuni za Afya za Kimataifa zilezile.

Ukiwahi kufanya kazi na kampuni ya tumbaku, pombe au dawa, sema mapema. Ibara ya 5.3 ya Mkataba wa Kudhibiti Tumbaku inazitaka nchi zilinde sera zao dhidi ya maslahi ya tasnia ya tumbaku. Likigunduliwa baadaye linaua ripoti nzima, hata kama kila neno lake ni la kweli.

Miezi 6 ikigawanywa

Wiki 2 za mwanzo ni za kuorodhesha sheria, kanuni na hukumu, na kuthibitisha orodha hiyo na mwanasheria wa wizara kabla hujachambua chochote. Wiki 6 zinazofuata ni za jedwali. Baada ya hapo, tenga wiki zisizopungua 5 kwa ajili ya kuwasikiliza wanaotumia sheria: maafisa afya, mahakimu wa ngazi ya chini, wauguzi wa mpakani, madiwani. Usiulize "sheria ina mapungufu gani?" Utajibiwa "faini ni ndogo." Omba wakueleze mara ya mwisho walipofunga mgahawa au kumzuia msafiri: walijaza fomu ipi, nani alisaini, gari lilitoka wapi, ilichukua muda gani. Fomu ikikosekana, umepata tatizo ambalo jedwali haliwezi kuonyesha.

Wiki 7 ziwe za waraka wa chaguzi za sera, yaani njia mbadala za kutatua tatizo. Chaguzi zisipungue tatu, ya kwanza daima ikiwa kutobadili sheria na kutekeleza iliyopo. Kila moja ionyeshe chombo cha kisheria, nani anakiidhinisha, gharama, muda, na nani atapinga. Wakikubaliana na chaguo, ndipo unapoandaa maelekezo kwa waandishi wa sheria: tatizo, lengo, nani apewe mamlaka gani na kwa mipaka ipi, na masharti ya mpito. Maelekezo yaandikwe kwa sentensi za kawaida. Ukiyaandika kwa umbo la vifungu, mwandishi atalazimika kuvunja vifungu vyako ili ajue ulitaka nini.

Kinachoharibika zaidi ni kunakili. Sheria za mfano za mashirika ya kimataifa zinapatikana bure na zinavutia. Zikimwagwa jinsi zilivyo, zinaunda bodi ambayo bajeti haiijui na kumtaja ofisa ambaye muundo wa utumishi hauna, na zinaacha sheria ya zamani ikiwa hai pembeni kwa sababu hakuna aliyekumbuka kifungu cha kuifuta. Pili ni rasimu kuvuja. Waraka unaokwenda Baraza la Mawaziri ni siri, na picha moja ya ukurasa kwenye kundi la WhatsApp inatosha kuufunga mradi. Tatu ni muda: waziri akibadilishwa au uchaguzi ukiingia katikati, kazi inasimama, na hilo liwekwe kwenye mpango tangu siku ya kwanza.

Wiki 6 za mwisho ni za makabidhiano, na zianze kabla watu hawajaanza kukuaga. Acha jedwali katika faili linalofunguka kwenye kompyuta za wizara, si kwenye akaunti yako binafsi. Acha nakala za sheria zote ulizozisoma, kila moja ikiwa na tarehe ya kupatikana kwenye jina la faili, na orodha ya vifungu ambavyo hukuvipatia kanuni zake hata baada ya kutafuta, ili atakayefuata asianze upya. Mkae na mwanasheria mmoja wa pale aliyeteuliwa kulitunza jedwali, muongeze pamoja mstari mmoja wa marekebisho mapya kutoka kwenye gazeti la serikali la wiki hiyo, yeye akiwa kwenye kibodi.